Nahodha Avae Kwanza

Abiria wa Lamu wakimwona nahodha amevaa jaketi la kuokolea maisha, huingiwa na wasiwasi. "Nahodha, kwani bahari leo ikoje?" Ndilo swali la kwanza, hata kabla ya nauli. Nahodha anayewatuliza ni yule aliyekaa tezini, sehemu ya nyuma ya boti, kwa fulana na kikoi, mguu mmoja juu ya ubao, anaongea kwenye simu kana kwamba yuko barazani kwake. Aliyejifunga mikanda kifuani wanamshuku kuwa amepata habari ambazo wao hawajapewa. Nimeendesha boti za kasi kati ya Mokowe, Lamu, Manda na kisiwa cha Pate kwa miaka mingi, na naamini swali hilo limewavua manahodha majaketi kuliko joto la kaskazi.

Siku hizi nalijibu kwa ufupi: "Bahari ni shwari. Mimi ndiye nitakayekwenda mbio." Wengine hucheka, wengine hawalipendi jibu hilo. Sisi watu wa visiwani tumelelewa kuiogopa bahari kwa hali yake: kusi, bamvua, mkondo wa mlangoni mwa bahari, giza. Boti ya faiba yenye mashine ya farasi 75 imetuletea hatari isiyongoja upepo. Adhuhuri maji yametulia, hakuna hata povu, ndipo boti inapoweza kufika kilomita 50 kwa saa na kupita, na ndipo nahodha anapotupwa. Kwa mwendo huo boti inakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukigeuza shingo sekunde tatu tu kupokea nauli, umeshapita mita 40 ambazo hukuziona, na ndani ya mita hizo panaweza kuwa na gogo, wavu au mtumbwi wa mvuvi aliyelala.

Nilijifunza mengi kwa kutazama jambo moja lililotokea mbele ya mji, mchana, watu wamejaa kwenye jeti. Kijana mmoja alikuwa akijaribu mashine iliyotoka kutengenezwa. Alikuwa peke yake, boti tupu, omo, yaani sehemu ya mbele, imenyanyuka kwa wepesi. Boti kubwa ya mizigo ilikuwa imepita punde, ikaacha wimbi ambalo boti yenye abiria kumi ingelikata bila mtu kumwaga chai. Boti tupu ililirukia. Tulimwona kijana yuko juu, kisha tukaiona boti inakwenda bila mtu.

Asiyejua hudhani hapo mambo yamekwisha: mtu anajua kuogelea, maji hayana baridi, Manda ile pale. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mkono wa mashine ukiachwa na moto, yaani kasi ya mashine, uko juu, mzunguko wenyewe wa pangaboi linaloisukuma boti unaivuta mashine upande mmoja mpaka mwisho. Kwa hiyo boti haiendi zake Ras Kitau ikapotelea huko. Inapiga duara, na duara hilo linampitia aliyeanguka, tena na tena, mpaka mafuta yaishe au kitu kiizuie. Kijana alipiga mbizi boti ilipomrudia mara ya kwanza, akapiga tena ilipomrudia mara ya pili. Aliyemwokoa ni mvuvi mmoja mzee aliyesogea na mtumbwi wake na kurusha kamba ndefu ya nyavu mbele ya njia ya boti. Pangaboi likaikamata, likajisokota, mashine ikakabwa. Kijana alitoka na jeraha begani, la kushonwa, si la kuzikwa.

Jioni ile ubishi ulihamia barazani. Kuna waliosema lile tukio ni ushahidi dhidi ya jaketi: "Angelikuwa nalo angelipiga mbizi vipi?" Hoja hiyo ina akili ndani yake, na nimeisikia tena mara nyingi. Lakini inaanzia katikati ya kisa. Angelikuwa na kamba ya kuzimia mashine mguuni, hakungekuwa na cha kukipigia mbizi. Tulipoivuta boti tuliikuta kamba haipo. Chini ya kitufe cha kuzimia, mahali pa kamba, kilikuwa kimepachikwa kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye dumu la mafuta, kimekazwa kwa waya kisije kikatoka. Ukitembea jeti ya Mokowe leo ukachungulia mashine moja moja, vipande hivyo utaviona.

Kwa asiyeijua, kamba ya kuzimia ni fupi, mara nyingi nyekundu, imesokotwa ili ivutike. Ncha moja ina kibanio kinachoingia chini ya kitufe cha mashine, ncha nyingine hufungwa mwilini mwa anayeendesha. Mtu akitoka mahali pake, kibanio kinachomoka na mashine inazima. Haina betri wala ujanja wowote. Sijaona kifaa kingine cha boti kinachofanya kazi kubwa hivyo kwa bei ndogo hivyo, na sijaona kingine kinachodharauliwa namna hiyo.

Sasa mtu wa Lamu aifunge wapi? Vitabu vinavyokuja na mashine vina picha ya mtu aliyevaa kaptura, na sisi ni watu wa kikoi. Kwenye kikoi haifai: utakwenda majini wewe, kikoi kitabaki na boti, na mashine itaendelea kunguruma. Kifundo cha mkono nacho hakifai, kwa sababu mkono uliolowa unateleza, na ndio uleule unaonyooshwa kila dakika kupokea nauli au kusukuma mzigo. Mimi huvaa kaptura ndani, nikakikunja kikoi juu na kuizungusha kamba pajani, juu kidogo ya goti, kwenye nyama yenyewe. Kwenye boti ya usukani, ambako nasimama, naipachika kwenye mkanda wa jaketi, ule mkanda mnene wa kiunoni. Kisha naangalia isiwe imejizungusha kwenye mkono wa mashine au kwenye kiti, maana kamba iliyokwama mahali haitachomoka siku ukiihitaji.

Lina malalamiko yake ya haki jambo hili, nami yalinikuta. Kule nje ya Shela, maji yanapotoka na kusi inapovuma kutoka baharini, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Boti ikizimika pale hugeuka ubavu, na ubavu ndiyo hali mbaya kuliko zote. Nilikuwa na wageni, tunatoka taratibu, wimbi moja likatuinua na kutuangusha kwa kishindo. Nilitupwa kutoka kitini hadi sakafuni. Kamba ikachomoka, mashine ikanyamaza. Nikarudisha kibanio, nikawasha, lakini wimbi lililofuata lilikuwa limeshatupata ubavuni na kuturoweka sote. Mwenzangu aliyekuwa omo alinishambulia tulipofika: "Unaiona kamba yako? Nusura itumalize."

Siipuuzi kauli yake. Ila mimi nilitua sakafuni kwa tofauti ya shubiri mbili. Shubiri mbili zaidi ningekuwa nje, na wale wageni wangekuwa ndani ya boti inayozunguka kwa moto mlangoni bila mtu wa kuishika. Kati ya boti iliyozimika ikiwa na nahodha ndani na boti inayokimbia bila nahodha, nachagua ile ya kwanza, nilowe. Nilichobadilisha ni mazoezi: nilikaa na boti ikiwa imefungwa jeti, nikafumba macho, nikatoa kibanio na kukirudisha na kuwasha, mpaka vidole vikazoea njia bila kuulizwa.

Upande wa pili wa kamba ni baharia anayebaki. Nahodha akianguka nayo, mashine imezima vizuri, lakini kibanio kimeondoka naye. Nilimwuliza kijana wangu wa wakati huo, mtu wa Siyu, mjuzi wa maji kuliko mimi: "Nikianguka utanifuata vipi?" Akasema, "Nitawasha, ami, nikufuate." Nikachomoa kamba, nikaitia mfukoni, nikamwambia, "Haya, washa." Alivuta kamba ya kuwashia mpaka jasho likamtiririka, mashine haikukohoa hata mara moja. Tangu hapo kamba ya akiba inaning'inia karibu na tangi la mafuta, imefungwa kwa uzi, na kila baharia mpya huonyeshwa kabla hajaonyeshwa pa kuweka mizigo. Vilevile huonyeshwa kwamba uzi wa nyavu ukizungushwa chini ya kitufe na kukazwa unaweza kuwasha mashine kama hakuna kingine. Hiyo ni ya kumfuata mtu tu. Si ya kuachwa pale mwaka mzima.

Kwenye mafunzo niliyohudhuria Mombasa, mkufunzi alitueleza kisa cha Padstow, pwani ya Cornwall huko Uingereza. Mei 2013 familia ya watu sita ilitupwa yote kutoka kwenye boti yao ya kasi, kamba haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji, boti ikazunguka na kuwapitia majini. Wawili walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka minane. Darasa lilinyamaza. Nilichokiona usoni mwa wenzangu ni mshangao kwamba wenye pesa na boti mpya nao huacha kamba ikining'inia. Marekani wameliweka jambo hili kwenye sheria: tangu tarehe 1 Aprili 2021 anayeendesha boti ya chini ya futi 26 yenye swichi hiyo lazima ajiunganishe nayo boti inapokimbia juu ya maji. Na takwimu zao za boti za starehe za mwaka 2022 zilionyesha vifo 636. Robo tatu ya waliojulikana sababu ya kifo walizama, na kati ya hao waliozama ambao ilijulikana kama walikuwa na jaketi au la, asilimia 85 hawakuwa nalo mwilini. Nasisitiza mwilini. Jaketi lililofungiwa kwenye sanduku la omo na kufuli juu ni mzigo kama mizigo mingine.

Basi nije kwenye jaketi. Zamani majaketi ya melini yalijazwa sufi, ileile ya mito ya nyanya zetu. Siku hizi ni povu, na adui wa povu kwenye boti zetu ni makalio. Ubao unachoma, abiria analikalia jaketi, mwaka ukiisha limekuwa jembamba na halina nguvu ya kuelea liliyoandikiwa. Nguvu hiyo huandikwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni sawa na kuinua kilo moja hivi. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, halimgeuzi aliyezimia. La 100 ni la maji yaliyokingwa, mfano wa mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara. La 150 ni la bahari ya nje, nalo limekusudiwa kumgeuza mtu aliyezimia uso uwe juu. Nahodha ndiye anayeweza kuanguka akiwa amegonga kichwa kwenye ubao wa boti yake, kwa hiyo sioni kwa nini yeye avae dogo.

Mgeni mmoja wa Ulaya alinizawadia lile linalojijaza hewa lenyewe, jembamba, zuri, halileti joto. Nililipenda mno. Lina kidonge kinachoyeyuka kikilowa, kisha mtungi mdogo unalipuliza. Mtengenezaji hakufikiria maji yanayomrukia mtu wa tezini kutoka Lamu hadi Mtangawanda siku ya kusi. Katikati ya safari likalipuka kifuani mwangu kwa mshindo, likavimba manjano mpaka masikioni, na bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akaanza kutoa shahada kwa sauti. Abiria walicheka hadi Faza. Nilipotafuta mtungi wa badala Lamu sikuupata, na bila mtungi lile ni kizibao. Yapo ya aina nyingine ambayo hayafyatuki kwa maji ya kurushwa, lakini bado yanataka mitungi. Kwa boti zetu za wazi nimerudi kwenye povu, na joto nalivumilia. Boti ikikimbia upepo unapoza. Penye joto la kweli ni jeti tunapongoja abiria, na pale nalivua.

Miwani haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote nilipoanza. Mvua ikikukuta kwa kasi, kila tone linauma, jicho linajifunga lenyewe, na anayeendesha kwa macho yaliyofumba nusu hana tofauti na aliyelala. Nilinunua ya plastiki ngumu, yenye kamba ya shingoni. Zile za kukata mng'ao wa jua zina faida ya ziada: maji yakipwa, unauona mchanga wa fungu chini kabla mashine haijaugusa. Viatu, nafikiri kila mtu ana rai yake. Mimi navaa vya raba kwa sababu ya misumari na magamba ya chaza kwenye ngazi ya jeti, si kwa sababu ya mwendo.

Abiria nao, kwa kuwa nahodha amevaa, huanza kuvaa wenyewe, na hapo kazi inakuwa ni kuvaa sawasawa. Mama aliyevaa buibui hulitia jaketi juu, akafunga kishikizo cha juu tu, kwa haya ya kujikaza kiunoni mbele za watu. Akianguka, jaketi litapanda mpaka masikioni na yeye ateleze chini yake. Mimi simfungi mwanamke mkanda. Baharia wangu wa sasa amewazoesha akina mama waliokaa jirani wafungane, yeye akionyesha kwa jaketi lake mwenyewe, na kwa njia hiyo boti nzima hufungwa kabla hatujatoka. Halafu kuna mahali pa kukaa. Vijana hupenda omo kwa sababu ya upepo, lakini omo ndiyo inayopanda na kuanguka, na anayekaa huko hupokea kishindo chote kwenye uti wa mgongo. Watu wameshavunjika pingili kwa kukaa mbele ya boti za kasi bila hata kuanguka majini. Mjamzito anayepelekwa hospitali, mzee, mwenye mgongo wake, nawaweka tezini karibu nami, na naondoa moto. Familia ya mgonjwa husema, "Nahodha, kimbia!" Nawajibu kwamba nakimbia kadiri mgonjwa anavyoweza.

Watoto bado wananisumbua. Mchanga anayebebwa hana jaketi ninaloliamini, na kumwingiza ndani ya jaketi la mama yake ni kumbana. Dawa pekee niliyonayo kwake ni mwendo mdogo. Mtoto wa miaka minne ukimvika la mtu mzima, atatokea chini likabaki linaelea peke yake. Madukani nilikuta yenye picha za samaki, yameandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni ya kuchezea kwenye bwawa. Linalofaa limeandikwa uzito wa mtoto, lina kola ya kuegemeza kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Niliagiza machache. Moja lilishuka Faza na mwenyewe, na mama yake akanipigia simu kwamba mtoto amelala nalo, hataki kulivua. Lilirudi wiki iliyofuata, limefuliwa vizuri, na mkanda wa miguuni umekatwa kwa sababu ulikuwa ukimchubua. Nimeushona upya kwa uzi wa tanga na kuuzungushia kitambaa laini. Safari hii naomba lirudi na boti ileile.